Injini Ileile, Nguvu Tofauti: Ununue Gari Gani Uganda?

Kwenye bondi za Kampala, yaani yadi za magari yaliyoagizwa nje, unaweza kukuta Prado mbili zinazofanana kuanzia taa hadi matairi. Moja imeshushwa kutoka Japani, nyingine kutoka Uingereza. Fungua boneti: ya Japani, ikiwa ni ya kati ya 2009 na mwanzo wa 2015, mara nyingi ni petroli ya lita 2.7 yenye PS 163 (PS ni kipimo cha nguvu ya injini). Ya Uingereza ya miaka hiyo ni dizeli ya lita 3.0, na iliyotengenezwa kuanzia 2011 hufikia PS 190. Dizeli hiyohiyo ya 3.0 ilipouzwa mpya kwa soko la Afrika ilipangwa kwa PS 163, bila kichujio cha masizi. Muuzaji atakwambia zote ni Prado. Si uongo, lakini haikusaidii kuchagua.

Kiwanda huipanga injini kwa mafuta, sheria za moshi na kodi za nchi itakakouzwa. Sisi tunainunua miaka kumi baadaye na kuileta kwenye mafuta mengine na hewa nyingine. Kwa hiyo mpangilio wa makundi saba ulio hapa chini, bora likiwa la kwanza, haufuati nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi. Unafuata kiasi gani cha nguvu hiyo kitabaki Uganda, na kwa gharama gani.

Tofauti inatoka wapi

Tuanze na petroli. Japani ina aina mbili pampuni: rejula, ambayo oktani yake (uwezo wa kutowaka kabla ya wakati) haishuki chini ya 89, na hai-oku, isiyoshuka chini ya 96. Injini ya hai-oku hupewa mgandamizo mkubwa au turbo kali. Ukiinywesha petroli ya oktani ndogo, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na injini inagonga. Kihisi kikisikia kugonga huko, kompyuta huchelewesha cheche ili kuokoa pistoni. Dereva anaona gari zito, linalokula mafuta na kuchemka upesi, kisha fundi anabadilisha plagi na koili ambazo hazikuwa na kosa.

Mark X 2.5 inaonyesha jambo hili vizuri. Ya kwanza, GRX120, ilipangwa kwa hai-oku ikatoa PS 215. Iliyofuata mwaka 2009, GRX130, ina injini ileile ya 4GR-FSE, lakini Toyota iliipanga upya kwa rejula ikashuka hadi PS 203. Hizo PS 12 zimekwenda na mafuta.

Kwenye dizeli, tatizo ni salfa. Japani na Uingereza hutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Afrika Mashariki ilishuka hadi 50 mwaka 2015, hatua kubwa, ila kiwango hicho ni mara tano ya kile ambacho vichujio vya kisasa vya masizi vilitarajia.

Kodi nayo ina mkono wake. Japani hutoza gari kwa ukubwa wa injini, ndiyo maana Forester ya turbo ya 2007 kwao ilikuwa ya lita 2.0 wakati nchi nyingi za nje zilipata 2.5. Namba za nguvu pia zina siasa: kuanzia 1989 hadi 2004 viwanda vya Japani vilikubaliana kutotangaza zaidi ya PS 280. Supra ya 2JZ-GTE iliandikwa 280 nyumbani, na ya Marekani ikaandikwa farasi 320, ikiwa na injekta kubwa zaidi. Ile imani kwamba gari la ndani ya Japani ndilo kali siku zote haina msingi. Na usichanganye vipimo: PS 100 ni farasi 98.6 za Kiingereza, kwa hiyo 280 ya Kijapani na 276 ya Kiingereza ni kitu kimoja.

Halafu kuna mwinuko, ambao karatasi yoyote ya mnada haiutaji. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Gari la PS 110 linabaki na kama 97 Kampala, na chini ya 90 likikaribia mita 2,000 huko Kabale. Hewa nyembamba ina fadhila moja: inapunguza kugonga, hivyo oktani ndogo haiisumbui injini isiyo na turbo kama ambavyo ingeisumbua Mombasa, pwani.

1. Petroli ya Japani ya rejula, injekta kwenye manifoldi

Hapa wako Premio, Allion, Axio na Probox. Injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5 hutoa PS 109 au 110, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, inachukua lita 3.7 za oili pamoja na filta, na vipuri vyake utavipata kwenye soko la Kisekka kabla ya saa nne asubuhi. Injekta hunyunyiza petroli nyuma ya valvu, kwa hiyo valvu hujisafisha zenyewe. Iliundwa kwa rejula ya 89; petroli ya kawaida ya hapa haiipi shida.

Kwa mjini na njia ya Jinja, 1.5 inatosha. Kwa anayepanda Kisoro au Kapchorwa na abiria wanne na mizigo, chukua 1.8. Premio 1.8 za kuanzia 2010 zina 2ZR-FAE, yenye mfumo wa Valvematic unaobadilisha kimo cha kufunguka kwa valvu. Ni injini nzuri, lakini kidhibiti cha mfumo huo hakivumilii oili chafu: kikifa, gari linapoteza nguvu na taa ya injini inawaka. Badilisha oili kila kilomita 5,000, lita 4.2 pamoja na filta, na usikubali oili ya debe.

2. Dizeli iliyopangwa kwa Afrika

Kama una fedha, au unanunua kutoka kwa shirika linalouza magari yake, hii ndiyo dizeli ya kutafuta. Land Cruiser 70 yenye 1HZ, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kichujio, na nguvu yake ni kama PS 130 tu. Mlimani itakuchosha. Lakini ilitengenezwa ikijua dizeli mbaya ipo. Moshi mweusi Kabale si lazima uwe ugonjwa: pampu ya kimakanika isiyo na kifidia cha mwinuko huendelea kumwaga dizeli ileile kwenye hewa pungufu. Moshi huohuo ukiuona Kampala gari likiwa tupu, dai injekta zikapimwe.

3. Petroli kubwa za Japani

Prado TRJ150 ya 2.7 na Noah ZRR70 ya 2.0. Zinanunulika bila hofu, zinakunywa mafuta, na Prado hiyo kwa uzito wake ni nzito kwelikweli kwenye mwinuko. Noah tafuta yenye rekodi ya oili ya CVT, gia yake ya otomatiki.

4. Dizeli za Uingereza na dizeli mpya za Japani

Kwa mwendo, hizi ndizo tamu kuliko zote hapa juu, na turbo hufidia hewa nyembamba. Shida ni kichujio cha masizi, DPF. Ili kijisafishe kinahitaji joto la karibu nyuzi 600 na mwendo wa barabara kuu wa dakika 15 hadi 20 mfululizo. Gari la kila siku kati ya Ntinda na katikati ya jiji halifiki hapo. Kompyuta inajaribu kusafisha kwa kuongeza dizeli mwishoni mwa mlipuko, foleni inakatisha zoezi, na dizeli isiyoungua inashuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili kabla hujalipa: kiwango kikiwa juu ya alama ya mwisho na kinanuka dizeli, injini imekuwa ikizungukia oili iliyochujuka. Ondoka.

Mafundi wengi hukata kichujio na kuacha bomba tupu. Bila kupanga kompyuta upya, gari hubaki kwenye nguvu pungufu na taa haizimiki. Ukibaki nacho, tumia oili ya majivu machache yenye alama ya ACEA C kwenye chupa.

Ya Uingereza ipandishe juu uone chesisi. Chumvi ya barabara za baridi hula fremu kutoka ndani, na rangi nyeusi mpya chini ya gari ni sababu ya kugonga kwa nyundo ndogo, si ya kupongeza. Kumbuka pia kwamba odometa husoma maili.

Prado ya dizeli ya Japani ya kuanzia katikati ya 2015, ile ya PS 177, ina tangi la urea, kimiminika cha kusafisha moshi. Urea ikiisha, injini hukataa kuwaka tena. Hakikisha unajua utainunua wapi, hasa kama gari litaishi Arua au Moroto.

5. Mark X 2.5 na wenzake wa sindano ya moja kwa moja

Petroli ikinyunyizwa ndani ya silinda, hakuna kinachoosha valvu za hewa. Kaboni inajijenga, gari linatetemeka likiwa baridi, na nguvu inapungua polepole kiasi kwamba mwenyewe hagundui. Chupa ya dawa unayomimina tangini haifiki huko. Petroli haipiti nyuma ya valvu. Tiba ni kufungua manifoldi ya hewa na kusafisha valvu moja moja. Weka gharama hiyo kwenye mazungumzo ya bei. Chagua GRX130, ya rejula.

6. Subaru za turbo

Forester 2.0XT ya PS 230 inataka hai-oku. Kwa petroli duni, kugonga huvunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Forester isiyo na turbo, PS 148, hutumia rejula na ingekaa nafasi ya tatu. Zenye injini ya EJ20 ulizia mkanda wa taimingi, ubadilishwe kila kilomita 100,000. FB20 ina cheni.

7. D-4 na GDI za zamani

Hizi ni injini za zamani za sindano ya moja kwa moja: Corona Premio ya 3S-FSE, Noah AZR60 ya 1AZ-FSE, Galant ya GDI. Sheria ya 2018 ilikataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo hizi zimebaki za mkono kwa mkono zenye namba za hapa. Mbali na kaboni kuna pampu ya presha kubwa inayochakaa na, kwenye 3S-FSE, kuvujisha petroli kwenye oili. Bei yake ndogo ina sababu.

Kabla ya kulipa

Soma kibati cha modeli. Namba fupi ya chesisi yenye kistari, mfano NZE141 kisha tarakimu, ni ya soko la ndani la Japani. Namba ya herufi na tarakimu 17 ni ya soko la nje. Kibandiko cha Kijapani kwenye mfuniko wa tangi kipige picha, programu ya kutafsiri kwenye simu itakwambia ni rejula au hai-oku.

Chomeka kisomaji cha OBD, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, kihisi cha presha ya hewa kisome karibu kPa 88 Kampala. Fundi anayekwambia kihisi kimekufa kwa kuwa hakisomi 101 anafikiri yuko pwani. Marekebisho ya muda mrefu ya mafuta yasizidi asilimia 10 juu au chini. Joto la maji likikwama chini ya nyuzi 75 baada ya dakika 20 za mwendo, huenda thermostati imeondolewa, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama asubuhi ya baridi. Mwisho panda kilima cha Muyenga na abiria wanne, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, ukiwa umeshika kisomaji wewe na si muuzaji.