Chaja ya USB ya busta ya gari: kipi ununue Tabora na Kigoma

Kabla ya kutoa pesa, igeuze busta (betri ndogo ya kubeba ya kuwashia gari lililoishiwa chaji) usome maandishi madogo ya chini au ya ubavuni. Tafuta mstari ulioandikwa INPUT, yaani umeme unaoingia. Ukikuta 5V/2A peke yake, haitapokea zaidi ya wati 10 hata ukiichomeka kwenye kichwa cha chaja cha wati 65. Ukikuta na 9V/2A, inapokea wati 18, na hapo ndipo chaja ya kasi ina faida. Mstari wa OUTPUT achana nao. Huo unahusu kuchaji simu kutoka kwenye busta.

Wengi wanaogopa kichwa kikubwa kitaunguza busta. Hakiunguzi. Vichwa vya PD na QC (mifumo miwili ya kuchaji kwa kasi) huanza na volti 5, na hupanda hadi 9 au zaidi pale tu kifaa kinapoomba. Hatari iko kwenye busta za zamani zenye tundu la duara linalotaka 15V/1A. Plagi ya ruta au king'amuzi mara nyingi huingia humo vizuri, lakini volti 12 hazitoshi kuijaza, na ya laptop yenye volti 19 inaweza kuiua. Busta ya namna hiyo itafutie chaja yake.

Kwa zinazotumia USB, tunazipanga hivi:

1. PD ya wati 20 yenye matundu mawili, C (USB-C, dogo) na A (USB-A, lile pana la kawaida). Kama unanunua moja tu, chukua hii. Tundu la A lina kazi kubwa: busta nyingi za bei nafuu zina tundu la C lakini hazikuwekewa vikinzani viwili (resistor) vya kiloomu 5.1 vinavyoijulisha chaja kwamba kuna kifaa. Ukitumia waya wa C kwa C, hata taa haiwaki, na mtu anairudisha dukani akidhani ni mbovu. Waya wa A kwa C unamaliza tatizo, maana tundu la A hutoa volti 5 bila kuulizwa.

2. QC ya wati 18, tundu la A. Nzuri kwa busta ya 9V/2A inayokubali QC.

3. Kichwa cha kawaida cha 5V/2A. Kwa busta yenye tundu la micro-USB inayopokea 5V/2A tu kinatosha kabisa, usiongeze pesa. Busta ya mAh 10,000 ina takriban Wh 37 (wati-saa), hivyo kwa wati 10, pamoja na umeme unaopotea njiani, itachukua saa 4 hadi 5.

4. Chaja ya tundu la sigara la gari. Inamfaa anayeshinda barabarani, Urambo, Kaliua hadi Uvinza. Nunua ya 12–24V, kwa sababu malori na mabasi mengi yana volti 24. Wenye sola nyumbani wanaweza kuitumia pia, ila ichomeke upande wa betri, si kwenye paneli moja kwa moja. Volti za paneli hupanda na kushuka kulingana na jua.

5. 5V/1A. Busta ya mAh 10,000 hapa itachukua saa 8 hadi 10. USB ya kompyuta ndiyo mbaya zaidi, nyingi hutoa nusu ampea tu.

Waya usizidi mita moja, na uwe mnene. Mwembamba na mrefu hula volti, kisha lawama zinaenda kwa chaja.

Dukani, iwe Mwanga ya Kigoma au Tabora mjini, nenda na busta yako ikiwa imepungua chaji. Iliyojaa haivuti umeme, kwa hiyo haikuonyeshi kitu. Omba uichomeke dakika 10. Taa za chaji ziwe zinapepesa bila kukatika. Shika kichwa: uvuguvugu ni kawaida, lakini kikikushinda kushika au kikinuka plastiki, kirudishe. Kisomeke 100–240V, na kiwe na pini tatu bapa. Cha pini mbili kwenye adapta iliyolegea hupiga cheche.

Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke. Usichaji huku klipu ziko kwenye betri ya gari, wala ndani ya gari lililofungwa juani, hasa joto la Septemba na Oktoba kule Tabora: betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45. Kama huitumii, iongezee chaji kila baada ya miezi 3.