Kano ya kisigino ilikatika, wakaiunga kwa kano ya paja: uzoefu wangu

Ilikuwa bonanza la maveterani, Jumapili asubuhi. Nilichomoka kuufuata mpira, nikahisi teke nyuma ya kisigino. Nikageuka nimtukane aliyenipiga. Hapakuwa na mtu.

Zahanati ya kwanza walisema nimeteguka, wakanipa dawa ya maumivu na bandeji. Nyumbani nikachuliwa kwa maji ya moto (kosa hilo ni langu, au la mama mkwe, tuliache). Wiki 9 nilitembea kama bata. Bingwa wa mifupa alinilaza kifudifudi akaminya vigimbi: unyayo wa kushoto ulijinyoosha wenyewe, wa kulia kimya, yaani kano imekatika. Kipimo cha sekunde 10, hakihitaji mashine. Mpaka leo kinanikera kwamba siku ya kwanza hakuna aliyeniminya. MRI, ile picha ya ndani ya mwili, ilikuja tu kupima pengo kati ya ncha za kano: sentimita 6.

Kano ikiwa imekatika karibuni, ncha hushonwa pamoja, au mguu hufungwa tu bila kisu. Yangu ilishajivuta juu na katikati pamejaa kovu. Kwa hiyo wakachukua kano nyembamba ya nyuma ya paja, ile unayoipapasa kwa ndani ukikunja goti, wakaipitisha kwenye kipande cha juu, wakaishusha hadi kwenye tundu walilotoboa katika mfupa wa kisigino, wakaibana kwa skrubu. Njia nyingine ni kuhamisha kano inayokunja kidole gumba cha mguu. Daktari alinieleza zote mbili kabla sijasaini. Ganzi ilikuwa ya mgongo. Drili niliisikia ikilia, maumivu hapana.

Ajabu, kisigino hakikunisumbua sana. Paja ndilo! Usiku wa tatu lilikaza hadi nikauma mto. Waligusia habari hiyo juujuu tu, nanyi msikubali: ulizeni mtakuwaje huko kano inakotolewa.

Nikafungwa hogo, vidole vikitazama chini kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Kila baada ya wiki 2 walibadilisha na kuinua unyayo kidogo. Wiki 6 bila kukanyaga, na sindano za kuzuia damu kuganda nikijidunga tumboni. Bima ililipa upasuaji. Haikulipa bajaji, na kwa magongo daladala sahau.

Baada ya hapo ni mazoezi tiba, na huko ndiko kwenye kazi yenyewe. Anayenisimamia ni binti wa umri wa mwanangu: ananiamkia shikamoo, kisha ananitesa. Nilitaka kukimbia mwezi wa nne, akanikatalia katakata, maana kano iliyopandikizwa huchukua miezi mingi kuota mishipa ya damu na kukomaa.

Sasa ni mwezi wa 14. Kigimbi cha kulia bado chembamba, lakini ngazi napanda bila kushika ukuta. Kipimo chake ni kusimama kwa mguu mmoja na kuinua kisigino. Kushoto nafikisha 25. Kulia, juzi nilifika 11. Ya 12 ikagoma katikati.