KQ (Kenya Airways) Nairobi–New York, ekonomi, kwenda na kurudi: nyota 4, pamoja na hesabu ya ile ndege ya kukodi

Nimerudi juzi kutoka Marekani, dada yangu mdogo alijifungua na akaniomba nikamshike mkono, na watu wa chama chetu cha kuweka akiba wameniuliza sana kama ile ndege ya KQ ya moja kwa moja inastahili hiyo pesa ama ni heri mtu apitie Doha au Addis. Inastahili. Lakini siwezi kuongea juu ya hii ndege niache kitu kimenikaa rohoni tangu Mei 2024, ile ndege ya kukodi iliyompeleka Rais Ruto Marekani, kwa hivyo mnivumilie, maneno yatakuwa mengi.

Ndege kwanza. Ni Dreamliner, 787, watu 234, thelathini wako mbele kwa bizinesi na sisi 204 tuko nyuma. Hii safari ilianza Oktoba 2018. Unapanda JKIA, uwanja wa Nairobi, usiku, unakaa hewani kama saa kumi na tano, unashuka JFK, uwanja wa New York, asubuhi, basi, hakuna kukimbizana na mageti ya nchi ya watu saa tisa usiku. Nilibeba unga wa wimbi, omena, majani chai na leso tatu za mtoto, mabegi mawili ya kilo 23 na hakuna aliyenisumbua. Kando yangu kulikuwa na shosho anaenda kuona wajukuu, hajui Kizungu hata neno, na yule msichana mhudumu alikaa naye na Kiswahili safi, akamwonyesha mshipi unafungwa aje, akamletea chai moto mara tatu bila kununa. Hiyo peke yake kwangu ni nyota mbili. Miguu ilinifura, hiyo siwezi ficha, kwa hivyo bebeni soksi za kubana na mwinuke kila baada ya masaa mawili hivi.

Tiketi yangu ilikuwa shilingi 182,000, nimeiweka kidogo kidogo kwa sacco miezi kumi na nne. Risiti ninayo. Mimi ni mweka hazina wa chama, hata soda ya mkutano tunaitisha risiti.

Sasa hapo kwa risiti ndipo nataka tuongee.

Oktoba 2023 mkuu wa utumishi wa umma, Felix Koskei, aliandika barua kwamba safari za nje zisizo za lazima zisimame, serikali inabana matumizi. Nilifurahi aki. Kisha Mei 2024 Rais Ruto akaenda Marekani kwa ziara ya kiserikali, Atlanta kwanza halafu Washington, na akaenda na Boeing ya kifahari iliyokodishwa kutoka Abu Dhabi. Watu wakauliza ni pesa ngapi. Tarehe 26 Mei akaandika kwamba imegharimu chini ya kusafiri na KQ. Siku nne baadaye kwa maombi ya kitaifa akaeleza kwamba aliambiwa ndege ya bei ya chini kabisa ni milioni 70, akasema wamtafutie KQ basi, ndipo marafiki fulani wakasikia wakamwambia alete milioni 10.

Nimekaa kwa kiti changu huko nyuma nikapiga hiyo hesabu. Milioni 10 ni tiketi 54 kama yangu. Najua rais hawezi kukaa na mimi nyuma, ana walinzi na mambo ya siri, hiyo naielewa na wanaosema hivyo hawajakosea. Pia ile ndege yake ya serikali, Fokker 70 iliyonunuliwa wakati wa Moi, ni ndogo, haivuki Atlantiki bila kutua njiani kuongeza mafuta. Lakini viti thelathini viko mbele kwa hii Dreamliner, na KQ haifiki Atlanta lakini JFK hadi Atlanta kuna ndege za Delta ambao ni washirika wao, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Halafu ni shirika ambalo serikali yetu yenyewe ina hisa nyingi kuliko mtu yeyote na tunalilipia madeni. Ile pesa ingezunguka ikarudi nyumbani.

Kinachoniuma zaidi si hata milioni kumi, ni hiyo sitini iliyobaki. Kama bei ya chini ilikuwa 70 na tukalipa 10, kuna mtu alitupatia zawadi ya milioni 60, na huyo mtu hatukutajiwa siku hiyo. Katiba yetu kifungu cha 76 inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwa shughuli rasmi ni zawadi ya Jamhuri. Ni yetu sote. Kwenye chama mtu akitulipia ukumbi tunaandika jina lake kwa daftari, kwa sababu kesho atakuja kuomba mkopo na lazima mjue mnadaiwa nini naye.

Na wiki zizo hizo mswada wa fedha ulikuwa unataka mkate uwekwe kodi ya VAT ya asilimia 16. Vijana wakaingia barabarani, tarehe 25 Juni wengine wakauawa. Tarehe 5 Julai ndipo rais akatangaza washauri wapunguzwe nusu, magari mapya yasinunuliwe mwaka mzima, safari zisizo za lazima zisimamishwe. Zilezile safari zilizosimamishwa kwa barua Oktoba! Mama zao hao vijana wanasikia aje wakisoma hiyo orodha?

Na kubana matumizi kuanzia juu inawezekana. Malawi, Joyce Banda akiwa rais aliuza ndege ya rais 2013 kwa dola milioni 15, na Novemba 2023 pesa yao ya kwacha ilipoangushwa thamani, Chakwera, rais wa wakati huo, alisimamisha safari za nje akianza na zake mwenyewe, hadi ule mkutano wa tabianchi wa Dubai hakuenda. Alianza na yeye, ndiyo nasema.

Haya turudi kwa ndege. Kurudi ni kama saa kumi na nne, unatoka JFK mchana na unafika nyumbani siku ya pili kabla ya chakula cha mchana. Chukueni kiti cha kando ya njia kama mna magoti kama yangu, kateni tiketi mapema, na msiende Desemba kama si lazima, bei inapanda vibaya. Nyota moja nimeitoa kwa sababu ya bei. Mtu akitaka kuona risiti yangu ndiyo ajue nimelipa nini na nini, iko kwa daftari la chama, aje Jumapili.