Kujua kama Kuna Mtu Nyumbani: Vihisi vya Kununua Kwanza kwa Nyumba ya Uganda

Mtu anayetaka taa zijizime, king'ora kijiwashe na hita ya maji ipumzike pindi wote wanapotoka nyumbani hukutana mapema na swali ambalo vifaa vingi vya madukani havilijibu: je, ndani kuna mtu? Kihisi cha kawaida hujibu swali jingine, yaani kama kuna kitu kilichosogea mbele yake sasa hivi, na kwa sababu hiyo bibi aliyeketi sebuleni akisoma anaweza kuzimiwa taa mara tatu jioni moja. Mwongozo huu unavipanga vifaa kwa kufuata jinsi vinavyolijibu swali la kwanza, na kwa kuzingatia nyumba zetu zilivyo: kuta za matofali ya kuchoma, milango ya chuma, umeme unaokatika, na wakazi ambao si wote wenye simu janja.

Kabla ya kutoa pesa, amua ni kosa lipi usiloweza kulivumilia. Nyumba inayodhani kuna mtu wakati hakuna hupoteza uniti chache za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, ilhali ile inayodhani hakuna mtu wakati yupo humwacha mgeni gizani bafuni, au humpigia king'ora mtoto aliyeamka usiku kwenda kunywa maji. Mimi nimelihesabu kosa la pili kuwa baya zaidi. Anayenunua kwa ajili ya ulinzi peke yake, katika nyumba inayobaki tupu mchana kutwa, anaweza kuupindua mpangilio wangu kidogo.

Nafasi ya kwanza: kihisi cha mlango pamoja na kihisi cha mwendo

Kihisi cha mlango ni vipande viwili, sumaku upande mmoja na swichi ndogo upande wa pili, ambavyo vikitengana hutoa habari kwamba mlango umefunguliwa. Kihisi cha mwendo cha aina ya PIR hutambua mabadiliko ya miale ya joto mwili unapopita mbele yake. Kila kimoja kikiwa peke yake ni dhaifu, lakini vikiunganishwa hufanya kazi kwa mantiki ambayo mafundi wa mifumo hii huiita nyigu ndani ya sanduku. Ukifunga sanduku kisha ukasikia mlio wa nyigu, unajua yumo, na ataendelea kuwamo hata akinyamaza, mpaka sanduku lifunguliwe tena. Vivyo hivyo, mlango ukifungwa na baada ya hapo mwendo ukaonekana ndani, basi kuna mtu, na nyumba iendelee kuamini hivyo hata akilala kwa muda wa saa nane bila kusogea. Mlango ukifungwa na dakika kumi zikapita bila mwendo wowote, nyumba ihesabiwe kuwa tupu.

Kuna mambo matatu ya nyumba zetu ambayo maelezo ya watengenezaji hayayataji. La kwanza ni kwamba nyumba nyingi zina mlango wa mbele na wa jikoni, na yote miwili lazima iwe na kihisi, kwa kuwa mlango mmoja usiohesabiwa huiharibu hesabu nzima. La pili ni kwamba milango yetu huachwa wazi tangu asubuhi hadi magharibi. Hilo halina hasara, kwa kuwa hakuna anayekwenda mjini akaacha mlango wa chuma wazi. Mlango ulio wazi uandikwe katika mfumo kuwa ni dalili ya kuwapo kwa mtu. La tatu ni chuma chenyewe, ambacho hupunguza nguvu ya sumaku, kiasi kwamba kihisi kinachofanya kazi vizuri kwenye mlango wa mbao hushindwa kwenye mlango wa bamba. Weka kipande cha plastiki au mbao nyembamba chini ya sumaku na chini ya swichi, kisha jaribu kabla ya kubandika kabisa.

Ningeongeza kihisi kimoja zaidi, na hapa ndipo pesa kidogo hununua uhakika mwingi: kibandikwe kwenye komeo la ndani la mlango mnaoutumia kutokea. Komeo hilo haliwezi kusukumwa na mtu aliye nje. Likifungwa, kuna mtu ndani, na hakuna rada wala kamera inayoweza kulisema jambo hilo kwa uhakika unaozidi huo. Sumaku iwekwe kwenye mkono wa komeo, na swichi ikae pale mkono unapofikia likiwa limefungwa.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja lakini ni mkubwa. Mama akitoka kwenda sokoni na kumwacha mtoto amelala, mlango umefunguliwa, umefungwa, na hakuna mwendo ulioonekana, basi nyumba inaweza kudhani ni tupu. Nafasi ya pili inastahili pesa zako kwa sababu hiyo.

Nafasi ya pili: rada ya mawimbi ya milimita

Rada hizi hutuma mawimbi ya redio na kupima yanavyorudi, na huweza kutambua hata kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi. Kwa hiyo aliyelala au anayetazama televisheni bila kutikisika bado huonekana. Kwa vyumba vya kulala na sebule, hakuna kifaa kingine kinachokaribia ubora wake.

Kwa anayejua kuchomea nyaya na kuandika mipangilio, moduli ya LD2410 ya Hi-Link, inayotumia gigahezi 24, ikiunganishwa na ESP32, kibao kidogo cha kompyuta chenye Wi-Fi na Bluetooth, ndiyo inayotoa thamani kubwa kwa gharama ndogo. Umbali wake umegawanywa katika hatua za sentimita 75, nawe unaweza kuzima hatua za mbali ili isitazame zaidi ya ukuta wa chumba. Hili ni la muhimu kuliko linavyosikika, kwa sababu mawimbi hayo hupita kwenye pazia, mlango wa mbao na dari ya jipsamu, na rada isiyowekewa mipaka itamhesabu mtu anayepita koridoni kuwa yumo chumbani. Asiyetaka ufundi anunue kifaa kilichokamilika. Aqara FP2 hutumia gigahezi 60 na hugawa chumba katika maeneo, hata ikajua kama kuna mtu kitandani au mezani, ingawa bei yake hununua vihisi kadhaa vya mlango. Ukiona bei ya nje ya nchi, ongeza usafirishaji na VAT ya asilimia 18 kabla ya kulinganisha na ya duka la Kampala.

Rada hizi huhitaji umeme wakati wote, kwa hiyo nyingi huishi kwenye soketi na si kwenye betri. Feni ya dari na pazia linalopepea mbele ya dirisha huzidanganya zikaona mtu asiyekuwapo. Zielekeze mbali na vitu hivyo, na usitarajie mipangilio ya kiwandani ikufae bila kurekebishwa.

Nafasi ya tatu: simu za wakazi

Njia hii haigharimu kitu, na kwa hiyo wengi huanzia hapa. Mfumo hutazama kama simu imeunganishwa kwenye ruta, au hupokea mahali ilipo kwa GPS. Kwa mume na mke wanaokwenda kazini kila siku na simu janja mfukoni, hufanya kazi vizuri, na GPS ina sifa ambayo kihisi chochote cha ndani hakina: hukuambia mtu anakaribia kabla hajafika langoni.

Hata hivyo, njia hii huhesabu simu, si watu. Dada wa kazi mwenye simu ndogo ya tochi, bibi aliyekuja kutoka kijijini, na watoto waliorudi likizo hawamo katika hesabu hiyo, na hao ndio wanaobaki nyumbani mchana. Isitoshe, simu iliyolala hukata Wi-Fi ili kuokoa chaji, nayo programu ya GPS hukaa kimya bando linapoisha. Tangu Android 10 na iOS 14, simu pia hutumia anwani ya MAC (namba ambayo ruta huitambulia simu) ya kubuni, na baadhi huibadilisha mara kwa mara, kwa hiyo zima kipengele hicho kwa mtandao wa nyumbani kwako tu. Kwa maoni yangu, simu itumike kuthibitisha kwamba mtu yupo, isitumike kamwe peke yake kuthibitisha kwamba hayupo.

Vibeba-funguo vya Bluetooth vinavyosikilizwa na vibao vya ESP32 ni sura nyingine ya njia hiyohiyo. Vinawafaa watoto na wasaidizi wasio na simu janja, mradi funguo hazisahauliki mezani.

Nafasi ya nne: PIR peke yake

Kihisi hiki ni cha bei nafuu, betri yake hudumu muda mrefu, na kwa koridoni, stoo na choo hakina mpinzani. Kwa kuamua kama nyumba nzima ni tupu, hakitoshi. Arua au Moroto wakati wa kiangazi, joto la chumba hukaribia joto la ngozi na kihisi huona kwa shida. Na mjusi wa ukutani akipita juu ya lenzi huweza kuhesabiwa kuwa mwizi. Kifunge pembeni ili watu wapite mbele yake kwa kukatiza, kwani mtu anayekielekea moja kwa moja huonekana vibaya zaidi.

Usivyohitaji kununua

Kamera za ndani zinaweza kutambua watu, lakini gharama yake si ya pesa tu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na hata bila kuitazama sheria hiyo, mtu anayeishi na kufanya kazi ndani ya nyumba yako hastahili kurekodiwa sebuleni ili taa zijizime. Kamera ibaki langoni. Kihisi cha kaboni dioksaidi, ambacho husifiwa katika nchi za baridi ambako nyumba hufungwa kabisa, hakina kazi katika nyumba yenye matundu ya hewa juu ya kila dirisha.

Umeme, intaneti na betri

Chagua vifaa vinavyofanya maamuzi ndani ya nyumba, kwa mfano vya Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani, vinavyoongozwa na programu ya Home Assistant kwenye kompyuta ndogo, badala ya vile vinavyotuma kila kitu kwenye seva ya ng'ambo. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchini wakati wa uchaguzi, kifaa cha aina hiyo ya pili kilikosa pa kuulizia. Vihisi vya Zigbee vya betri huendelea kuishi umeme ukikatika, lakini kompyuta inayovisikiliza na ruta huzimika, kwa hiyo UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta na kompyuta hiyo ihesabiwe katika bajeti tangu mwanzo. Mfumo upangwe pia kwamba ukiwaka upya uamini kuna mtu hadi ithibitike vinginevyo.

Ulizia aina ya betri kabla ya kulipa. CR2032 hupatikana hata kwa fundi saa, ilhali CR2450 inaweza kukusumbua nje ya Kampala. Kwa nyumba ya milango miwili na vyumba viwili vya kulala, ningenunua kwanza vihisi viwili vya milango, kimoja cha komeo na PIR mbili za sebule na koridoni, nikauacha mfumo ufanye kazi kwa muda bila kuzima chochote ili nione unakosea wapi, kisha rada moja ya chumba cha mtoto.