Kimi ni Todoke: kati ya juzuu 30, uanze na ngapi?

Haya, karibuni tena. Leo mezani tuna Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina. Ni manga, yaani kitabu cha katuni cha Kijapani, ya wasichana, hadithi ya sekondari, juzuu 30, na imeshakamilika, kwa hiyo hutakaa kusubiri mwendelezo. Ilianza kutoka mwaka 2005 katika jarida la Bessatsu Margaret la kampuni ya Shueisha, ikamalizika 2017. Mwaka 2008 ilitwaa Tuzo ya Manga ya Kodansha upande wa manga za wasichana, na Kodansha ni mshindani mkubwa wa Shueisha, kwa hiyo hapo hakuna mtu aliyejipigia debe.

Swali la leo ni la mfukoni. Juzuu moja ya Kiingereza, toleo la kampuni ya Viz Media, bei yake ya kawaida ni kama dola 10 za Marekani. Zidisha kwa 30, halafu weka na usafirishaji. Si pesa ya kuchezea. Jibu langu nalitoa mapema: nunua ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Usinunue ya kwanza peke yake, na usiagize seti nzima kabla hujamaliza hizo mbili.

Kwa nini mbili? Tuanze na hadithi yenyewe. Mhusika mkuu ni Sawako Kuronuma, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza sekondari ya juu huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Nywele ndefu nyeusi, uso mweupe, sauti ya chini. Darasani wamembandika jina la Sadako, yule mzimu wa filamu ya kutisha ya Ring anayetoka ndani ya televisheni, na wengine wanaamini kweli kwamba hilo ndilo jina lake. Kuna uvumi kwamba ukimtazama machoni kwa sekunde tatu utapatwa na balaa. Sawako hana mzimu wala uganga. Ni binti mpole anayejiwekea sharti la kutenda jema moja kila siku, anayetunza maua ya shule bila kuombwa, na anayewaomba radhi watu kwa kuwatisha.

Hapo ndipo Shiina anapowazidi wengi walioandika kuhusu watu wenye haya. Sawako si bubu, wala hajifichi chooni wakati wa mapumziko. Akisemeshwa anajibu, tena kwa adabu kamili. Tatizo lake ni namna anavyopiga hesabu: akiona mtu ameingiwa na woga, anahitimisha kwamba kosa ni lake, na kwamba njia ya kumtendea wema mtu huyo ni kukaa mbali naye. Anajitenga kwa sababu ya kuwahurumia watu! Wao wakiona amejitenga, wanasema, si mnaona, huyu hatutaki. Kila upande una adabu zake, na kila upande umemwelewa mwenzake vibaya.

Chukua tukio la kubadilisha viti. Shule za Japani darasa hukaa chumba kimoja siku nzima, walimu ndio wanaohama, kwa hiyo kiti chako ni jambo kubwa. Viti vinapangwa kwa kura. Sawako anapata kiti chake, na waliopangiwa kukaa karibu naye wanaanza kusitasita. Hakuna tusi hata moja, ni ule ukimya tu wa kila mtu kumwangalia mwenzake. Kisha Shota Kazehaya, kijana anayependwa na darasa zima, anabeba vitu vyake na kukaa pembeni yake. Wanafuata wanafunzi wenzao Ayane Yano, Chizuru Yoshida na Ryu Sanada. Kurasa chache tu, na ndani yake unaona jinsi mtu anavyotengwa bila mtu yeyote kukubali kwamba ametenga.

Sasa, juzuu ya kwanza ukiisoma peke yake utasema, ah, hadithi ya mapenzi, kijana mzuri kamwokoa binti mpweke, nimeshaziona nyingi. Ndiyo maana nasisitiza ya pili. Umbeya unaingia darasani: Yano anasemwa vibaya kuhusu wanaume, Chizuru anasemwa kuhusu maisha yake ya zamani ya ugomvi, na chanzo cha maneno hayo kinatajwa kuwa Sawako. Yeye, akidhani kuwa karibu nao ndiko kunakowachafulia jina, anawakwepa. Wao wanadhani amewachoka. Ufumbuzi hauletwi na Kazehaya. Unatokea kwenye choo cha wasichana, Sawako akisimama peke yake mbele ya kundi linalowasengenya rafiki zake, akiwataka wayafute maneno yao. Sauti yake ni ileile ya chini, adabu ileile, ila safari hii harudi nyuma. Ukisoma tukio hilo na moyo wako usitikisike, basi mfululizo huu si wako, na utakuwa umeokoa bei ya juzuu 28.

Kwa mtazamo wangu urafiki ndio uti wa mgongo wa hadithi hii, mapenzi yanafuata. Baadaye anakuja Kurumi, msichana mrembo anayemtaka Kazehaya na anayejifanya rafiki, na anamwomba Sawako amsaidie kumpata. Mwandishi mvivu angemfanya nyoka tu. Shiina anampa akili, machungu na heshima, na mazungumzo yake na Sawako yanabaki kuwa makali kuliko maneno mengi ya wapendanao wenyewe.

Uchoraji. Hapa nataka mtazame ukurasa vizuri. Sawako akijaribu kutabasamu kwa makusudi, Shiina anamchora kama picha ya filamu ya kutisha: kivuli kizito usoni, macho yamekaza, mistari imezagaa nyuma. Akifurahi bila kujua, anageuka kadoli kenye kichwa kikubwa na macho ya nukta. Na mara chache sana, anachorwa akitabasamu kikweli, uso mweupe usio na kivuli, nafasi tupu kumzunguka. Sura hiyo haitolewi ovyo. Ndiyo maana ikija unasimama kuitazama, na unaelewa Kazehaya aliona nini siku ile ya kwanza ya shule alipomwuliza njia.

Kwa wageni wa manga, namna ya kusoma. Kitabu kinafunguliwa kutoka kulia. Anzia kona ya juu kulia, nenda kushoto, shuka. Ndani ya fremu moja, yaani kisanduku kimoja cha picha, pia puto la maneno lililo kulia ndilo la kwanza. Maneno yaliyo nje ya puto, yanayoelea juu ya picha, ni mawazo ya mhusika, na humu ni mengi kweli. Maandishi madogo kama ya mkono ni minong'ono na utani wa pembeni. Usiyaruke, kwa sababu nusu ya vichekesho iko hapo. Ukiona nafasi kati ya fremu imejazwa weusi, kwa kawaida umeingia kwenye kumbukumbu ya jambo lililopita. Maua na viputo vya mwanga nyuma ya mtu si mahali alipo, ni hali ya moyo wake. Kosa la kawaida ni kusoma mawazo ya Sawako ukadhani ameyasema kwa sauti. Ukifanya hivyo hutaelewa kwa nini Kazehaya hajajibu, na utamchukia bure.

Kiingereza cha toleo hili si kigumu. Sentensi ni fupi, mwanafunzi wa sekondari anasoma bila kamusi. Wanaosoma Kifaransa, wa Kongo, Burundi na kwingineko, itafuteni kwa jina la Sawako, maana ndivyo kampuni ya Kana ilivyoipa jina. Ukitafuta Kimi ni Todoke kwenye duka la vitabu vya Kifaransa unaweza kuambiwa haipo, na ipo rafuni.

Sasa lawama. Kuna mahali mfululizo unaburura miguu. Baada ya Siku ya Wapendanao, ambayo Japani wasichana huwapa wavulana chokoleti, Sawako ana chokoleti ambayo hakuikabidhi, Kazehaya anachukulia kutopewa kuwa ni jibu, na kuanzia hapo wanazungukana hadi tamasha la shule, kuzunguka juzuu ya 8 hadi ya 10. Kinachochosha si kwamba hawajasemezana, bali ni kwamba tumeshaona Sawako amejifunza kusema. Kwenye choo kile alisema! Hapa anarudi kwenye hesabu zake za zamani, na mwandishi anatumia kurasa nyingi kutueleza jambo tulilolielewa zamani. Anaingia Kent, kijana mchangamfu anayemshauri Sawako kila kitu kwa upotofu, na nusu ya wasomaji hawampendi. Ushauri wangu: juzuu hizo zisome mfululizo kwa siku moja au mbili. Ukizisoma moja kwa mwezi utakata tamaa.

Na baada ya hapo? Wengi huacha mara wawili hao wanapoelewana, wakidhani imeisha. Ni theluthi moja tu ya safari. Zinazofuata zinamgeukia Chizuru na Ryu, majirani waliokua pamoja, na Yano, ambaye kwangu mimi ndiye mhusika aliyeandikwa kwa ukatili na ukweli zaidi: anajua kumshauri kila mtu, na hajui kumpenda mtu. Kisha inakuja habari ya mitihani na vyuo, nani anabaki, nani anaondoka. Mwalimu Pin, kelele zake ni zile zile mwanzo hadi mwisho. Ama utamzoea au hutamzoea.

Kitabu chenyewe. Karatasi ni laini, nyepesi, ya aina inayobadilika kuwa njano. Jalada ni la karatasi nene, kurasa zimeunganishwa kwa gundi, kwa hiyo usikikandamize kilale wazi mezani, mgongo utapasuka na kurasa zitaanza kuchomoka. Mlioko pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, adui wenu ni unyevu. Msivibananishe ukutani, acheni hewa ipite, na wekeni vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Seti nzima inataka kama nusu mita ya rafu.

Jihadharini na nakala bandia. Dalili ya kwanza ni vivuli. Vivuli vya manga ni vidoti vidogo sana, na mtu akipiga picha ya ukurasa kisha akauchapa upya, vidoti vinagongana na kuzaa mawimbi au mistari isiyokuwapo. Tazama nywele za Sawako na sare za shule, hapo ndipo panapojionyesha kwanza. Dalili ya pili ni maneno yaliyomezwa na mkunjo wa katikati. Ya tatu, kurasa zimegeuzwa zisomeke kutoka kushoto. Muuzaji mtandaoni mwombe picha ya ukurasa wa ndani, si ya jalada.

Kusoma kwenye simu kunawezekana, ila Shiina anapenda picha moja inayokula kurasa mbili, na simu inaikata katikati. Laza simu, au tumia tableti. Yale maandishi madogo ya pembeni kwenye kioo cha simu ni mtihani wa macho.

Wanaotaka kuonja bila kununua, kuna anime, yaani katuni ya video, ya studio ya Production I.G. Msimu wa kwanza ulianza Oktoba 2009, vipindi 25. Wa pili ulikuja 2011. Wa tatu ulitoka Netflix mwaka 2024, vipindi vitano virefu. Mamiko Noto anaigiza sauti ya Sawako, na ile sauti ya kunong'ona inafanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Ila anime nayo inaburura palepale manga inapoburura, tena zaidi, kwa sababu kwenye karatasi unaweza kuongeza mwendo mwenyewe. Kuna filamu ya 2010 na tamthilia ya Netflix ya 2023, zote za waigizaji watu halisi, si katuni. Mimi ningeziacha mpaka umalize vitabu.

Kuhusu mpangilio wa kuagiza: chukua 1 na 2. Ukizipenda, chukua 3 hadi 6, zinamaliza habari ya Kurumi na kukuvusha mwaka mpya. Kisha 7 hadi 11 kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ile niliyoieleza. Zinazobaki nunua kadiri mfuko unavyoruhusu, mvutano wake si wa kukukatisha usingizi. Kuna pia mfululizo mfupi wa pembeni, Soulmate, unaomfuata Kurumi akiwa chuoni. Huo usiuguse kabla ya juzuu ya 30, kurasa zake za mwanzo tu zinakuambia nani alikwenda wapi.