Bulbu ya taa ya mbele kwa pikipiki ya kitambo: nunua gani, wacha gani

Wasee wa boda na nyinyi mnaenda shamba na pikipiki jioni, hebu tuongelee bulbu ya mbele. Hapa Kisumu ukiingia duka la spea uitishe bulbu ya Boxer unawekewa kwa kaunta aina nne tano, zote unaambiwa ni jenuini, na bei zinatofautiana mpaka unashangaa kama wanauza kitu kimoja. Nimezipanga vile mimi naziona, kutoka ile ya kununua mpaka ile hata ukipewa bure urudishe. Naongelea pikipiki zimekula miaka, Boxer za kitambo, TVS Star, Skygo, Captain na ndugu zao, si hizi zinatoka kiwandani na LED.

Lakini kabla utoe pesa angalia ile imekufa. Itoe polepole, ishike kwa chuma, ielekeze kwa mwanga. Kioo kikiwa safi na ule uzi wa ndani umekatika tu, hio imekufa kifo cha kawaida, uzee ama mtingisho wa barabara. Kioo kikiwa kimeingia weusi ama rangi ya fedha, mara nyingi ilikuwa inakula volti kupita kiasi na ingine ukiweka leo itafuata njia hio hio. Ukungu mweupe ndani, hewa iliingia, kuna ufa. Na kama fulu (mwanga wa mbali) na dimu (wa karibu) zimepotea pamoja usikimbilie bulbu, anza na fyuzi, swichi ya mkononi, soketi kama iko na ile kutu ya kijani, na waya ya athi, ile inafungwa kwa fremu. Ukiwasha indiketa na taa ya mbele inafifia nayo ikicheza, athi hio iko na maneno.

Sasa kitu wengi hawaambiwi dukani. Pikipiki nyingi za zamani taa yake ya mbele haitumii betri, inakula stima moja kwa moja kutoka kwa stata, ile koili iko ndani upande wa mageneto. Ndio maana ukisimama na silensa, injini ikinguruma bila resi, kwa jam pale Kondele taa inakuwa ya manjano inataka kulala, ukivuta resi inaamka. Kujua yako ni gani ni rahisi, zima injini, weka ufunguo kwa on, washa taa. Isipowaka mpaka upige kiki, na ikipanda na kushuka na resi, hio ni ya stata. Ikiwaka injini ikiwa imezima, ni ya betri. Weka hio kichwani, itakusaidia tukifika kwa LED.

Kitu inazuia volti zisipande na resi ni reguleta. Ikiharibika, ama pale inafunga kwa fremu pakishika kutu, kila ukivuta resi bulbu inalishwa kuliko uwezo wake, na halojeni, hizi bulbu za kawaida za uzi, hazivumilii, volti zikizidi kwa asilimia 5 tu maisha yake yanakatwa karibu nusu. Mwambie fundi aweke mita kwa soketi taa ikiwa inawaka, kwa AC (aina ya stima inatoka kwa stata) kama ni ya stata, kwa DC (aina ya stima ya betri) kama ni ya betri, halafu avute resi pole pole. Ikisimama kati ya 12 na 14 na kitu, uko sawa. Ikipita 15 na bado inapanda, kwangua kwanza pale reguleta inashika fremu kwa sababu saa ingine ni hio tu, ikikataa basi nunua reguleta na bulbu ingoje. Na nyinyi mlitoa betri kitambo mnapiga tu kiki mnaenda, kama taa yenu ni ya betri hio betri ndio ilikuwa inatuliza volti, sasa mnapika bulbu na indiketa zote.

Haya, mpangilio.

Namba moja kwangu bado ni halojeni ya kawaida, 12V 35/35W, nyingi zinaitwa HS1, ya kampuni inajulikana kama Philips ama OSRAM, ama ile ya kampuni iliyounda pikipiki yenyewe. Hizo 35 mbili ni wati za fulu na za dimu. Soma maandishi kwa chuma ya bulbu, si kwa boksi, boksi mtu yeyote anachapisha. Beba ile imeungua uende nayo, kwa sababu kuna pikipiki zinatumia ya meno matatu na zingine ile ya pini mbili unabonyeza ukizungusha, na kwa simu hamtaelewana na mwenye duka. Mwambie aiwashe mbele yako, fulu kisha dimu. Duka la maana liko na betri chini ya kaunta na waya mbili za kazi hio. Akianza hadithi ati bulbu hazitestiwi, toka.

Namba mbili ni LED, ile inawaka na chipu badala ya uzi, lakini kwa pikipiki ya taa ya betri peke yake, ama uwe na uhakika imeandikwa AC/DC. Ukiweka ya DC kwa stata itakuwa inapepesa ukipunguza resi, na haikawii kufa. Shida ingine, rifleta ya zamani, ile bakuli inang'aa nyuma ya bulbu, ilichongwa ikitegemea uzi mdogo ukae mahali pamoja, LED ikiwa na chipu kubwa zimekaa ovyo mwanga unatawanyika, wewe unaona miti yote ya Maseno lakini shimo iko mbele huioni, na wa kutoka Luanda anakupigia fulu njia yote. Chagua yenye chipu nyembamba zimekaa pale uzi ungekaa. Angalia pia kama ile raba ya nyuma inafunga. Kwa mvua ya Kakamega ya kila jioni, raba ikibaki wazi hedi inakuwa karai.

Namba tatu, halojeni isiyo na jina. Si ya kutegemea, ila funga moja kwa kitambaa uweke chini ya kiti ya kukufikisha nyumbani.

Nne ni zile zimepakwa bluu. Rangi inazuia mwanga, unalipia zaidi uone kidogo, na usiku wa mvua ni mbaya zaidi. Xenon ya balasti, ile inakuja na kiboksi chake cha stima, hata sitaianza.

Ya mwisho kabisa ni H4 ya 60/55W. Inafanana na HS1 sana na utaambiwa "hii ni kali". Kwa volti 12, wati 60 zinavuta ampea 5 wakati 35 zinavuta kama 3 hivi. Stata ndogo haina hizo, kwa hivo inawaka manjano, ama kama ni ya betri asubuhi unasukuma. Kisha joto linayeyusha soketi na kuharibu rifleta ya plastiki. Lakini kuna bulbu zimeandikwa H4 na ziko 35/35W, hizo hazina shida, cheki wati.

Kuweka, usiguse kioo na vidole, mafuta ya mkono yanafanya sehemu hio ichemke zaidi, ukigusa pangusa na spiriti. Pitisha msasa kwa soketi. Halafu simamisha pikipiki mita 5 kutoka kwa ukuta, mtu akalie, washa dimu, na sehemu ya juu ya mwanga ikae chini kidogo ya kimo cha taa. Ikipita, legeza bolti ya hedi uishushe. Kama kazi yako ni kubeba magunia, fanya hivo gunia likiwa limefungwa nyuma, kwa sababu mzigo ukilalisha nyuma taa inaangalia mbinguni.