Siku mbili Lamu: kijitabu cha mfukoni ama ramani ya simu?
Hili swali haliishi, kila mgeni anayevuka na boti kutoka Mokowe, upande wa bara, ananiuliza abebe nini. Kwa pesa simu inashinda, unadaunilodi ramani bure kabla ya safari, kijitabu lazima ununue. Lakini ukishaingia vichochoroni nyuma ya Ngome, kuta zimebanana hadi kile kidoti cha bluu kinasema uko ndani ya sebule ya mtu, hapo afadhali mchoro wa karatasi ama umuulize tu mzee aliyekaa barazani (mimi hufanya hivyo, na kahawa pengine unapata). Historia pia kijitabu kinakupa vizuri, Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, mji mkongwe ukaingia orodha ya UNESCO 2001, hayo hayabadiliki. Nauli za boti ndizo zinapanda kila kukicha, kitabu cha zamani kitakudanganya. Utunzaji? Simu inataka chaji, karatasi haitaki maji ya bahari. Kama unapita tu mjini halafu kijiji cha Shela kwa miguu ufukweni, simu yatosha kabisa. Kama wewe ni wa kusimama kila mlango wa nakshi, beba kijitabu, na bando kidogo weka.